Re: SIN ya 9 imekufa, ofisi ya mishahara imezuia posho ya mradi wa AI

Kutoka: Neema, Edmonton
Jumatatu, Novemba 2025, saa 4 asubuhi

Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu.

Samahani kuingilia mjadala wa tikiti za Desemba. Nipo mwaka wa pili wa masta, na posho yangu inatoka kwenye mradi wa Mitacs (shirika linalounganisha watafiti wa vyuo na kampuni) na kampuni ndogo ya hapa inayofundisha kompyuta kutambua sauti. Pemiti ya masomo iliisha mwisho wa mwezi uliopita. Niliomba nyongeza idara ya uhamiaji, IRCC, wiki tano kabla, risiti ninayo. Lakini SIN yangu (namba ya kazi na kodi) ni ya 9, yaani inaanza na 9 kama za wageni wa muda, kwa hiyo imekufa siku moja na pemiti. Watu wa mishahara hapa chuoni wamezuia posho mpaka nilete SIN iliyo hai. Nimekwenda dirishani kuihuisha, nikaambiwa nilete pemiti mpya kwanza. Pemiti mpya ndiyo hiyo ninayoisubiri!

Kodi ya nyumba ni tarehe 1. Kuna aliyepita hapa? Mliwaonyesha barua gani wakaelewa?

---

Kutoka: Mama Asha, Mississauga
Jumatatu, saa 6 mchana

Marahaba mwanangu, pole. Mimi yalinikuta 2016, tena siyo mambo ya kompyuta, nilikuwa nabeba boksi kwenye nyumba ya wazee. Msimamizi wangu, Mfilipino, Mungu ambariki alipo, alichukua kopi ya risiti, akaifungia kwenye faili, nikaendelea kulipwa. Sijui aliwaambia nini huko juu. Alistaafu, ningekupa namba yake.

Umekula lakini?

---

Kutoka: Kombo, Montréal
Jumatatu, saa 8 mchana

Neema, waambie wasome kanuni ya uhamiaji 186(u). Ukiomba kabla pemiti haijaisha, unaendelea kama ulivyokuwa hadi ujibiwe. Mchezo umekwisha.

Ila mimi linaloniuma ni jengine. Serikali hii ndiyo ilokuwa ya kwanza duniani kutangaza mkakati wa taifa wa AI, 2017, dola milioni 125 kupitia taasisi ya utafiti ya CIFAR, kwa vituo vitatu vya AI: Mila hapa kwetu, Vector Toronto, Amii huko kwenu Edmonton. Bajeti ya 2024 wakaongeza bilioni 2.4. Mwaka huu, Mei, wakateua na waziri wa AI, Evan Solomon. Bajeti ya juzi, tarehe 4 Novemba, imetenga bilioni 1.7 za kuvuta wataalamu na watafiti zaidi ya 1,000 kutoka nje. Na siku hiyo hiyo wakatoa mpango wa uhamiaji, wanafunzi wapya kutoka 305,900 mwaka huu hadi 155,000 mwakani. Mkono huu unakuita, ule unafunga mlango. Na aliyeko ndani tayari anakatiwa posho kwa tarakimu tisa!

---

Kutoka: Njoroge, Waterloo
Jumatatu, saa 11 jioni

Bwana Kombo, tafadhali tusipotoshane. 186(u) ni ya mwenye work permit. Mwanafunzi ni 189, na kazi yake inategemea kama ni ya ndani ya chuo au nje. Neema akienda na 186(u) watamrudisha mlangoni. Pia akitoka Canada kabla ya jibu, hata kuvuka Buffalo kununua viatu, haki hiyo anaipoteza.

Pili, Mitacs si fungu la AI. Ilikuwepo kabla AI haijawa wimbo wa kila mtu. Tatu, hao 155,000 usiwaweke wote kwenye kapu moja. Masta na PhD wa vyuo vya umma hawatahitaji PAL, ile barua ya uthibitisho ya jimbo, kuanzia 1 Januari 2026.

Kuhusu ile bilioni 2.4, bilioni 2 nzima ni za mashine, yaani kompyuta kubwa za AI. Binadamu wanagawana chenji. Kampuni ya AI ya Cohere walipata milioni 240 peke yao, mradi wa kwanza. Sisi wadogo tukaambiwa kuna AI Compute Access Fund, milioni 300. Tuko wanne ofisini, tunafanya mambo ya bima ya mazao. Nikakesha na ile fomu wiki mbili. Serikali inalipa hadi theluthi mbili ukikodi mashine zilizo Canada, nusu ukikodi za nje, na ombi linaanzia laki moja. Sasa hiyo theluthi yangu ninaitoa wapi? Benki waliniuliza dhamana. Nina Corolla ya 2011. Dirisha likafungwa 31 Julai nikiwa bado naangalia hesabu.

---

Kutoka: Kombo, Montréal
Jumatatu, saa 2 usiku

Ahsante mwalimu. Sikujua kama tuna wakili humu.

Na hao watu wa nje wanaoitwa, mwawakumbuka wa 2018? Mkutano wa watafiti wa AI, NeurIPS, hapa hapa Montréal, watafiti chungu nzima wa kikundi cha Black in AI walinyimwa viza. 2019 Vancouver yakarudi yale yale. Wenye ICLR, mkutano mwengine wa AI, walishaamua kuupeleka wao Addis Ababa 2020, korona ikaufanya wa mtandaoni, na 2023 ukafanyika Kigali. Hapo ndipo nilipoacha kusikiliza hotuba.

---

Kutoka: Rehema, Ottawa
Jumanne, saa 3 asubuhi

Kaka Kombo, na nyumbani je? Rwanda ina sera ya akili unde (AI) tangu 2023. Kenya wamezindua mkakati wao Machi mwaka huu, 2025 hadi 2030. Sisi Watanzania tumebaki kugombana kama ni akili unde au akili mnemba.

---

Kutoka: Njoroge, Waterloo
Jumanne, saa 3 na nusu

Mkakati wa Kenya nimeusoma. Karatasi nzuri. Nionyeshe pesa. Na ni akili unde.

---

Kutoka: Mama Asha, Mississauga
Jumanne, saa 4 asubuhi

Mnemba si kisiwa kile cha watalii?

---

Kutoka: Neema, Edmonton
Jumanne, saa 7 mchana

Dada Rehema, nyumbani pesa zilifika kidogo, tena za huku huku. Mimi nimetoka UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Ile maabara ya utafiti wa AI pale, AI4D, ilifunguliwa kwa fedha za IDRC, shirika la utafiti la Canada, na Sida, shirika la misaada la Sweden. Yaani dola ya Canada ilinifikia bila taabu nikiwa Dodoma, jua kali, vumbi, zabibu mkononi. Nimeifuata hadi kwao, sasa inanidai SIN.

Leo ni nyuzi 19 chini ya sifuri. Nimerudi kwa watu wa mishahara na risiti na hiyo 189 nimeichapa. Yule dada ameisoma, amesema ni nzuri, ataipeleka kwa bosi wake. Bosi yuko likizo.

Naomba kurudia: kuna mtu ana mfano wa barua?

---

Kutoka: Rehema, Ottawa
Jumanne, saa 8 mchana

Zabibu za Dodoma usinitajie. Hapa nimenunua za Chile, zina ladha ya maji.

---

Kutoka: Njoroge, Waterloo
Jumanne, saa 12 jioni

Neema, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kwenye chuo chako wana mtu mwenye leseni ya ushauri wa uhamiaji, RISIA. Mwambie YEYE awaandikie watu wa mishahara, usiandike wewe. Kama haitoshi, rudi hapa.

---

Kutoka: Kombo, Montréal
Jumanne, saa 3 usiku

RISIA hawezi kuilazimisha ofisi ya mishahara. Tusipotoshane, kama ulivyosema.

---

Kutoka: Mama Asha, Mississauga
Jumanne, saa 4 usiku

Neema mwanangu, nimekutumia dola mia mbili kwa Interac, ile njia ya kutumiana pesa benki. Swali la siri ni tunda la Dodoma, andika kwa herufi ndogo.

Na kuhusu tikiti za Desemba, ile ya kupitia Addis mizigo ni kilo 23 mara mbili au wamepunguza?