Nikiuliza kama kuna tatizo, kikao kizima kinanyamaza

Swali
Ndugu zangu, naomba ushauri. Kampuni yangu ina miaka miwili, na hadi mwezi uliopita ilikuwa na wafanyakazi 11. Mwanzoni tulibishana na kucheka, lakini siku hizi nikiuliza kikaoni kama kuna tatizo naambiwa hakuna, kisha baada ya wiki mbili mteja ndiye anayeniletea tatizo lenyewe. Mwezi uliopita mmoja wa waliotangulia kuajiriwa aliacha kazi kwa barua ya mistari miwili. Mishahara inatoka kwa wakati na hakuna anayelazimishwa kukesha. Nimekosea wapi?

Jibu la 1
Pole sana. Kabla ya kuwatazama wao, fungua simu utazame saa ulizowatumia ujumbe wiki hii. Mimi nilikuwa nikituma saa tano usiku na kumalizia kwa "si haraka", nikidhani inatosha, kumbe kila mmoja alikuwa akijibu usiku uleule, kwa sababu ujumbe wa mwenye kampuni haulazwi. Siku hizi naandika usiku, lakini ujumbe unaondoka asubuhi. Wala hili si jambo la kudekezana: mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Jibu la 2
Hayo ya usiku ni kweli, ila kimya cha kikaoni nadhani kina chanzo kingine. Miaka ya 1990, mtafiti Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, alipochunguza makosa ya utoaji dawa hospitalini, alikuta kwamba timu zenye ushirikiano mzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi kwenye kumbukumbu. Maelezo aliyoyafikia ni kuwa watu wa timu hizo hawakuogopa kuyataja. Je, aliyekuletea habari mbaya mara ya mwisho ulimpokeaje?

Muulizaji
Alikuwa huyohuyo aliyeondoka. Nilimwambia mbele ya wenzake alete suluhisho, si malalamiko.

Jibu la 2
Basi wale 10 waliobaki walikusikia. Mpigie simu, si kumsihi arudi, bali umsikilize hadi mwisho juu ya jambo lile alilolileta. Kikao kijacho anza wewe kwa kueleza kosa lako la mwezi huu na lilivyowagharimu, halafu nyamaza, hata kama dakika nzima itapita bila mtu kusema.