Kitanzi cha kusuka kwenye kamba ya nailoni kinalegea

Swali
Wakuu, kamba ni nailoni ya nyuzi tatu, unene milimita 12. Kitanzi nimekisuka mwishoni, kila uzi nikaupenyeza mara tatu chini ya nyuzi za kamba yenyewe. Kikivutwa kwa nguvu, ncha zinarudi ndani. Shingoni nako kumebaki uwazi upande mmoja. Shida iko wapi?

Jibu la 1
Mara tatu zinatosha katani au manila (kamba za nyuzi za mimea), maana nyuzi zake zinakwaruzana na kushikana. Nailoni inateleza na kunyumbuka, hivyo penyeza kila uzi mara tano kamili. Fumua sentimita 25 au zaidi. Kabla ya kufumua, funga kamba kwa uzi imara pale ufumuaji utakapoishia, na ncha zote tatu uziyeyushe kwa moto au uzizungushie tepu, la sivyo zinachanuka na hazipenyi. Ukimaliza, acha vishungi vya sentimita moja hivi. Ukivikata usawa wa kamba, vinamezwa ikivutwa.

Jibu la 2
Huo uwazi chanzo chake ni mzunguko wa kwanza, yaani pale kila uzi unapopenyezwa mara ya kwanza, na mara nyingi mkosaji ni uzi wa tatu. Kwa kamba iliyosokotwa kulia (nyuzi zake zinapanda kuelekea kulia), kama zilivyo nyingi: uzi wa kati unaingia chini ya uzi mmoja wa kamba, kutoka kulia kwenda kushoto. Wa kushoto unauruka uzi huo wa kamba, unaingia chini ya unaofuata. Kisha geuza kazi yote, upande wa nyuma uwe juu. Uzi wa kamba uliobaki ndio wa kuingiwa na uzi wa tatu, na hapa pia ni kulia kwenda kushoto. Wengi huingiza kinyume kwa kuwa kamba imegeuka, na hapo ndipo shingo inapopinda.

Kagua kabla ya kuendelea: ncha tatu zitoke kwenye mianya mitatu tofauti, usawa mmoja. Mbili zikitokea mwanya mmoja, fumua uanze upya, usijidanganye kwamba mizunguko ya mbele itarekebisha. Kaza kila ncha kwa kuivuta kuelekea kitanzini, halafu endelea: ruka mmoja, ingia chini ya mmoja.

Jibu la 3
Naongeza la ukubwa. Kitanzi cha kuvikwa nguzo kisipungue urefu mara tatu ya kipenyo cha nguzo. Kikiwa kifupi, miguu yake inatanuka na kupasua shingo hata kama umesuka vizuri. Kama kitashika chuma, weka ndani pete ya chuma yenye mfereji, uibane kabisa kabla ya mzunguko wa kwanza.