MJADALA: Kaunti zinahitaji mgao mkubwa zaidi, au nguvu ya kutoza kodi?

Wadau, kila mwaka Kenya tunagombania jambo lile lile: kaunti 47 zipewe na serikali kuu shilingi bilioni ngapi. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha wa kuongeza kodi ulipotupwa baada ya maandamano, mgao ulishuka kutoka bilioni 400 hadi 387, na magavana wakapiga kelele. Kwangu mimi ugomvi wenyewe uko kwingine.

Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia serikali kuu kodi zote nono: kodi ya mapato, VAT (kodi ya ongezeko la thamani), forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti ina kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani na ada za leseni na maegesho. Basi gavana akihangaika hadi viwanda vikafunguliwa kwake, kodi inayoongezeka inakwenda Hazina Kuu. Ahangaike kwa nini? Kuajiri jamaa ni rahisi zaidi. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo na mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato, lakini Msimamizi wa Bajeti amekuwa akizitaja kaunti zinazokiuka, ripoti baada ya ripoti. Huku mkandarasi aliyejenga zahanati kwa mkopo hajalipwa, na lori lake linapigwa mnada.

Zipewe nguvu ya kodi, hata mgao usipoongezwa. Nani anapinga?

Mchangiaji, Wajir: Napinga. Utatoza kodi gani huku kaskazini? Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965, sera ya uchumi ya serikali baada ya uhuru, ulielekeza pesa za maendeleo penye ardhi nzuri, mvua, barabara na umeme. Sisi tukarukwa hadi ugatuzi, yaani kaunti kupewa madaraka na fedha, ulipoanza 2013. Kila kaunti ikijitegemea, Kiambu, jirani ya Nairobi, itapaa nasi tutarudi pale pale. Ndiyo maana Seneti ilikwama 2020 kuhusu fomula ya mgao: ukiegemea mno idadi ya watu, umetutupa. Na katika hiyo mishahara unayoibeza kuna ya wauguzi.

Mchangiaji, Dodoma: Mleta mada, nguvu ya kodi hupokonywa. Huku kwetu Tanzania kodi ya majengo ilitolewa halmashauri ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na tangu 2021 tunakatwa tukinunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla. Muulize diwani taa za barabarani uone atakavyokujibu.

Mleta mada: Wauguzi sina ubishi, na kaskazini ibaki na mgao mkubwa. Hata ile asilimia 0.5 ya mapato ya taifa ya Hazina ya Usawazishaji, mfuko wa maeneo yaliyoachwa nyuma, itolewe yote, bila hadithi. Lakini ndugu wa Wajir, hujagusa suala la mkandarasi. Yeye ndiye anayeajiri vijana mjini kwenu pia. Nataka sehemu ya VAT inayopatikana ndani ya kaunti ibaki huko, iwe kwa mujibu wa sheria wala si hisani ya mtu. Walioko Mombasa waseme: mizigo yote ile inapita bandarini, kaunti inabaki na nini?