Virusi vya hewani: abanwe mvaa barakoa au mwenye jengo?

Mada: Magonjwa ya njia ya hewa yanapopamba moto, kwenye vyumba vya kusubiria matibabu na madarasani, mzigo aubebe nani? Kila mtu avae barakoa kwa lazima, au mwenye jengo alazimishwe kusafisha hewa? Leteni hoja zenye vipimo.

MHANDISI: Abanwe mwenye jengo. Hewa safi inamfaa hata mtoto mchanga asiyeweza kuvaa chochote usoni. Chumba cha mita 8 kwa 6, kimo mita 3, kina mita za ujazo 144. Tangu 2023, CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inapendekeza hewa safi sawa na kubadilishwa mara 5 au zaidi kwa saa, yaani mita za ujazo 720 kwa saa. Kifaa cha kuchuja hewa chenye uwezo wa mita za ujazo 240 kwa saa hakitoshi, vinahitajika vitatu. Tena uwezo huo hupimwa kwenye kasi ya juu, yenye kelele. Watu wakishaipunguza wasikilizane, hesabu yote imeharibika.

NESI: Mhandisi, hesabu sina ubishi nayo, ila inahusu hewa iliyokwisha kuchanganyika. Mgonjwa akikohoa nusu mita kutoka usoni pako, pumzi yake inakufikia kabla kichujio hakijaiona. Hata kwa mara 5 kwa saa, kuondoa asilimia 99 ya chembe huchukua kama dakika 55. Sehemu za matibabu, barakoa ibaki lazima.

Na isiwe barakoa yoyote. N95, barakoa ya kuchuja inayokaza usoni, hunasa walau asilimia 95 ya chembe za maikroni 0.3 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), zile sumbufu zaidi kunaswa. Lakini hiyo ni sifa ya kitambaa. Ukingo ukiachia, hewa inapita pembeni. Kamba ya juu ikae kisogoni, ya chini shingoni chini ya masikio. Bana chuma cha pua kwa vidole vya mikono yote miwili, kwa sababu mkono mmoja hukikunja kwa ncha na kuacha mwanya. Kisha toa pumzi kwa nguvu: ukihisi upepo machoni, panga upya. Ndevu zikipita chini ya ukingo, haizibi kabisa. Usiifue wala kuipulizia spiriti, maana chaji ya umeme tuli inayonasa chembe hupotea, na kwa macho huoni tofauti.

MWALIMU: Darasani lazima hiyo haisimamiki, watoto wanakula na kusoma kwa sauti. Mimi nataka kipimo cha kaboni dioksaidi ukutani, mbali na dirisha na mbali na pumzi za watu. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 kwa milioni, pumzi tunayotoa takriban 40,000. Kikisoma 2,000, karibu asilimia 4 ya hewa unayovuta imeshatoka kwenye mapafu ya wengine. Hapo fungua madirisha ya pande mbili zinazotazamana. La upande mmoja halivutani na kitu. Feni ya dari peke yake inazungusha hewa ileile.

MHANDISI: Naunga mkono, ila kipimo hicho hakioni kazi ya kichujio. Chumba chenye vichujio kinaweza kusoma 1,500 huku virusi vikiwa vichache. Na kisingizio cha gharama sikikubali: lipo boksi la Corsi-Rosenthal, kisafisha hewa cha kujiundia kwa feni na vichujio, lililobuniwa 2020. Vichujio vinne vya MERV 13 (kipimo cha uwezo wa kunasa chembe), inchi 20 kwa 20, vinasimama kama kuta. Chini kadibodi, juu feni inayopuliza kuelekea darini. Mishale ya vichujio ielekee ndani. Ziba kila kiungo kwa tepu, na pembe za feni zifunikwe kwa kadibodi yenye tundu la mduara, la sivyo hewa inarudi ndani kupitia hapo.

NESI: Liwekwe, tena kesho. Lakini mwenye kikohozi apewe barakoa mlangoni kabla hajaketi, isiyo na vali (kidude cha kutolea pumzi), kwani vali huitoa pumzi yake bila kuchujwa. Hilo halimsubiri mwenye jengo.