Rehema aanza kusikiliza hevi metali: gumzo la familia ya Chumbageni

Jumatano, 23 Julai 2025

Rehema: Shikamooni wakubwa wote. Mjomba Zuberi, nimeona picha uliyoweka leo na yale maneno ya buriani. Yule mzee ni nani?

Mjomba Zuberi: Marahaba mama. Ni Ozzy Osbourne, mwimbaji wa Black Sabbath. Amefariki jana. Hevi metali, ule muziki wa rock wa magitaa mazito, ilianza na bendi yao, na mimi nimewasikiliza tangu najifunza kuchomelea. Leo karakanani sikuweza kuwasha muziki mwingine wowote.

Bakari: Pole Mjomba. Si ndio wale waliopiga Villa Park mwezi huu? Niliona video, uwanja umejaa pomoni na yeye ameketi kwenye kiti kama mfalme.

Mjomba Zuberi: Ndio hao, tarehe 5. Alikuwa na ugonjwa wa Parkinson, kwa hiyo aliimba ameketi. Wote wanne wa mwanzo walikuwepo: Ozzy, Tony Iommi kwenye gitaa, Geezer Butler kwenye besi, Bill Ward kwenye ngoma. Aliwaaga watu wake nyumbani, na siku kumi na saba baadaye akaenda.

Bakari: Villa Park ya Samatta kabisa!

Mjomba Zuberi: Hiyo hiyo aliyochezea Samatta 2020. Hawa wanne ni watoto wa Aston, mitaa ya Birmingham, Uingereza, inayozunguka uwanja ule. Birmingham ya utoto wao ilikuwa viwanda, moshi na nyumba za wafanyakazi.

Rehema: Mjomba nikwambie ukweli. Mchana nimejaribu. Nimeandika "heavy metal", nikabonyeza wimbo wa kwanza uliotokea. Jamaa ananguruma mwanzo mpaka mwisho, neno moja sijashika. Nimezima.

Mjomba Zuberi: Umeanzia mwisho wa njia mama. Kunguruma kulikuja baadaye, miaka ya 1980. Anza 1970, na anza na gitaa. Maneno yaache kwanza.

Mjomba Zuberi: Ngoja nikueleze kuhusu Iommi, maana ukimjua huyu utasikia kila kitu tofauti. Alikuwa na miaka 17, anafanya kazi kiwanda cha mabati, fundi wa kuchomelea kama mimi. Siku yake ya mwisho kazini, aliyekuwa anashika mashine ya kukandamiza bati hakuja, wakamweka yeye. Mashine ikaondoka na ncha za vidole viwili. Yeye anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vilivyokatika ni vya kulia, ule mkono unaobana nyuzi. Akaambiwa gitaa basi.

Rehema: Ya Rabi.

Mjomba Zuberi: Meneja wake wa kiwandani akamletea sahani ya santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa aliyeungua mkono kwenye moto na bado akapiga solo kwa vidole viwili. Iommi akapata nguvu. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akaunda vikofia vya vidole, juu akabandika kipande cha ngozi. Nyuzi za kawaida zikawa zinamuumiza, akatafuta nyembamba. Kufikia albamu yao ya tatu, 1971, akazilegeza ili zisimsumbue kuzivuta. Uzi ukilegezwa sauti inashuka, inakuwa nzito. Uzito ule leo unaigwa dunia nzima, na ulitoka kwenye mkono ulioumia kazini. Mimi nimeona wenzangu wakipoteza vidole. Ndiyo maana huyu mtu namheshimu sana.

Bakari: Mjomba hii hujawahi kutusimulia.

Mama Mkubwa Mwajuma: Nimesoma yote. Zuberi mdogo wangu, hayo ya vidole yamenigusa. Lakini nina swali. Hao si ndio wa mambo ya shetani? Misalaba, mavazi meusi. Usinipotezee mtoto.

Mjomba Zuberi: Dada, swali lako ni la haki. Jina walilitoa kwenye sinema ya kutisha. Waliona watu wanalipa pesa ili watishwe, wakasema basi na muziki utishe. Mashairi mengi aliandika Butler, mtoto wa familia ya Kikatoliki. Soma "War Pigs" ya 1970: majenerali wanapanga vita, maskini ndio wanaopelekwa kufa, na mwisho wakubwa wanapiga magoti mbele ya hukumu ya Mungu. Vita vya Vietnam vilikuwa vinaendelea.

Mama Mkubwa Mwajuma: Na hao wanaochoma makanisa?

Mjomba Zuberi: Walikuwepo, Norway, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Walichoma kweli na wengine walifungwa. Sitawatetea, na hawamo kwenye nitakachompa Rehema.

Mama Mkubwa Mwajuma: Haya. Hapo nimekuelewa.

Kaka Juma (Nairobi): Shikamoo Mama, shikamoo Mjomba. Nimechelewa, foleni. Mwambieni Mama kwamba kuna mtoto wa Unguja kwenye hadithi hii.

Mama Mkubwa Mwajuma: Marahaba mwanangu. Mtoto gani tena?

Kaka Juma (Nairobi): Freddie Mercury, aliyezaliwa Mji Mkongwe 1946. Bendi yake, Queen, walitoa "Stone Cold Crazy" mwaka 1974, wimbo wa kasi kuliko rock ya wakati ule. Metallica, bendi ya hevi metali ya Marekani, wakaurudia, wakapata tuzo ya Grammy. Halafu Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka pale Wembley, aliyeuimba ni James Hetfield wa Metallica, Queen wenyewe wakipiga, na Iommi yupo jukwaani na gitaa lake.

Mjomba Zuberi: Iommi wa vidole, Rehema.

Rehema: Nimeshatafuta video. Subirini.

Rehema: Kumbe unaisha haraka hivi! Huu nimeupenda. Unakimbia. Mimi ni mtu wa singeli, mnajua, wimbo usipokimbia nachoka.

Kaka Juma (Nairobi): Basi wewe njia yako fupi. Singeli inapita mapigo 200 kwa dakika, bendi nyingi za metali hazifiki huko. Na ile lebo ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, iliyotoa mkusanyiko wa singeli ya studio ya Sisso mwaka 2017, ndiyo iliyotoa albamu ya Duma 2020. Duma walikuwa Wanairobi wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Mayowe na ngoma za kompyuta. Usianze nao leo, watakutisha.

Bakari: Kumbe hata Waafrika wapo?

Kaka Juma (Nairobi): Tena sana. Botswana wana Wrust, Overthrust, Skinflint. Mashabiki wao wanavaa ngozi nyeusi na kofia za wachunga ng'ombe kwenye jua lile lile la Kalahari.

Mama Mkubwa Mwajuma: Rehema, ukimsikiliza Mjomba wako, na mimi nina zamu yangu. Msikilize Bi Kidude. Usianze na taarabu yake, tafuta anapopiga msondo kwenye unyago. Sauti imekwaruza, haibembelezi mtu.

Mjomba Zuberi: Dada hapo umesema kitu. Mimi Bi Kidude nimempenda kwa sikio lile lile. Alipofariki 2013 nililia.

Rehema: Sawa, wote nawasikiliza. Mjomba nipe mpangilio.

Mjomba Zuberi: Leo usiku albamu ya kwanza ya Black Sabbath, wimbo wa kwanza tu. Mvua, radi, kengele, halafu gitaa. Weka spika za masikioni, zima taa ukipenda. Kesho "War Pigs", ufuatilie maneno. Ukifika hapo salama, bendi nyingine, Iron Maiden: magitaa mawili yanaimba pamoja, na Steve Harris anakimbiza besi kwa vidole vitupu. Bakari utawapenda, mwimbaji wao Bruce Dickinson ni rubani, aliwahi kuendesha ndege ya bendi mwenyewe.

Bakari: Acha!! Natafuta sasa hivi.

Rehema: Mjomba, nimesikiliza ule wa kwanza. Polepole mno mwanzoni, nikataka kuruka. Halafu mwishoni ukachanganya, gitaa likatoka mbio, ni kama chemko la dansi ulilokuwa unatuwekea harusini. Nimerudia hapo mara nyingi.

Mjomba Zuberi: Hapo hapo! Mimi nilinasia hapo hapo. Ukirudia tena, msikilize Bill Ward. Alikulia kwenye jazi, hapigi ngoma kwa mstari mnyoofu hata siku moja.

Rehema: Na mimi Jumamosi nawaletea singeli. Mjomba utakaa usikilize, usiseme ni kelele.

Mjomba Zuberi: Nimeambiwa hivyo kuhusu muziki wangu maisha yangu yote, siwezi kukufanyia. Lete.

Mama Mkubwa Mwajuma: Jumamosi basi, kwangu, baada ya alasiri. Napika mihogo ya nazi na samaki. Bakari abebe spika. Bi Kidude anaanza, mimi ndiye mkubwa.