Nimwulize nini mshauri nasaha kabla ya kumfungulia moyo?

Mwulizaji, Kibokoni
Assalamu alaykum. Eda ya marehemu mume wangu imekwisha lakini usingizi haujanirudia, na dada yangu ameniambia nionane na mshauri nasaha mmoja aliyeko Tudor, hapa Mombasa. Mtaa wetu ni mdogo na watu wanajuana, kwa hivyo kabla sijamweleza mgeni mambo ya ndani ya nyumba yangu, ningependa kujua nimwulize nini kuhusu masomo yake na namna anavyofanya kazi.

Mshauri nasaha, Mikindani
Wa alaykumu salaam, dada yangu, na pole kwa msiba. Mwulize bila haya amesomea nini na kwa kiwango gani, na kama amesajiliwa jinsi inavyotaka sheria ya Kenya ya mwaka 2014 inayohusu washauri nasaha na wanasaikolojia. Kisha mwulize ni nani anayemsimamia, kwa maana mshauri naye huhitaji mwenzake mwenye uzoefu wa kumpitishia kazi yake, bila kutaja jina la mteja. Akiwa anafuata njia ya mwanasaikolojia Carl Rogers, atakusikiliza kwa moyo safi bila kukuhukumu, akiamini kwamba njia utaiona mwenyewe. Akifuata ya daktari wa akili Aaron Beck, iliyoanza miaka ya 1960, huenda akakupa daftari uandike mawazo yanayokujia saa nane za usiku, kisha muyapime pamoja. Kwa msiba mbichi, mimi huanza na ya kwanza. Na siku hiyohiyo akueleze mipaka ya siri, kwa mfano atakavyofanya maisha ya mtu yakiwa hatarini; asipokueleza, mimi ningesita.

Mfanyakazi wa bandarini, Kisauni
Mshauri wangu wa kwanza alikuwa na vyeti ukuta mzima, lakini hata dakika kumi hazijapita alishaniambia nijikaze kwa kuwa mimi ni mwanamume. Wa pili, mama wa makamo, aliniuliza ningependa aniite nani, akaigeuza saa ya mezani ili sote wawili tuione, na niliponyamaza naye akanyamaza, ikawa kinachosikika ni feni tu, mpaka nikaweza kulitaja jina la rafiki yangu aliyefia kazini mbele ya macho yangu. Kwake nilirudi miezi minne.

Muuguzi, Likoni
Niongeze moja: mshauri nasaha haandiki dawa. Usingizi ukizidi kukukimbia, muone daktari pia.

Mwulizaji, Kibokoni
Ahsanteni sana. Nitampigia leo baada ya swala ya alasiri, na nitaanza na swali la msimamizi.