Nimepewa farasi aliyestaafu mbio. Nimpande, nimtumie kutafuta riziki, au nimwache apumzike?

Saisi wa Ngong (mwanzisha uzi)

Habari zenu wote. Mimi ni saisi, na marehemu baba yangu alikuwa saisi. Kulisha farasi, kuwasugua, kuzoa samadi, kuwatembeza kabla jua halijawa kali, ndiyo kazi iliyonilea. Sasa mwenye zizi anahama nchi. Farasi wake wengine wamepata wenyewe. Amebaki mmoja, wa kahawia, miaka 8, alikuwa akishindana kwenye uwanja wa mbio za farasi pale Ngong mpaka kano ya mguu wa mbele ikaumia. Mguu umepona kwa kutembea, lakini mbio basi. Bosi ameniambia nimchukue bure, kwa maandishi. Nisipomchukua, ataitwa daktari wa kumdunga sindano ya mwisho.

Mahali pa kumweka ninapo, shamba la mama Limuru. Tatizo ni kumlisha. Shemeji yangu anasema Desemba inakuja, tumpeleke kwenye viwanja vya burudani, watoto wapande kwa shilingi 100 kila mmoja, na farasi atajilisha mwenyewe. Kwa upande mwingine, binti ya dada yangu, yuko chuo kikuu, ameniuliza swali ambalo halinitoki: "Mjomba, huyo farasi aliwahi kuulizwa kama anataka kupandwa?" Kwake yeye, hata kummiliki ni kosa.

Nampenda huyu mnyama. Nimemsugua tangu aletwe akiwa mdogo. Begani, pale tandiko linapokaa, ana mabaka mawili ya nywele nyeupe, na siku hizi nikikaza mkanda wa tumbo anageuza shingo na kuuma hewa. Wenzangu zizini wanasema ni tabia tu. Naomba ushauri wa kweli: ni haki kumpanda? Na hiyo biashara ya watoto mnaionaje?

Mkulima Nyahururu

Kaka, mchukue. Punda wangu hubeba maji, maksai wa jirani wanalima, na hakuna aliyewauliza. Mnyama wa kufugwa anakula jasho lake kama sisi. Mpe chakula, mpe maji, usimpige, basi. Haya maswali ya ridhaa ni ya watu walioshiba. Sindano ndiyo dhambi.

Mwana Amu

Assalaam alaykum ndugu saisi, na pole kwa mtihani huo. Mimi nimezaliwa Lamu, na kwetu bila punda hakuna nyumba, maana mawe, mchanga na saruji vyote hupita vichochoroni juu ya mgongo wake. Kwa hiyo swali lako nimekua nalo.

Kwa sisi Waislamu ruhusa ipo wazi. Sura ya An-Nahl, aya ya 8, inawataja farasi, nyumbu na punda kwamba wameumbwa ili tuwapande na wawe pambo. Lakini wengi wetu husoma ruhusa wakaacha masharti. Ipo hadithi katika mkusanyo wa Abu Dawud ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, amekataza kuifanya migongo ya wanyama kuwa mimbari. Maana yake, mnyama ni wa kukufikisha mahali. Si kiti cha kukalia ukipiga soga. Ukifika, shuka.

Lamu kosa hilo nimeliona kwa macho. Punda ana mifuko miwili ya saruji, mwenyewe amekutana na rafiki, wanazungumza mpaka adhana. Mzigo wenyewe si mkubwa ajabu, ila kusimama nao bure ndiko kunakomvunja. Kliniki ya punda iliyoko kwetu tangu 1987 hutibu bila malipo, na vidonda vya mgongoni na vya kamba ni wageni wake wa kila siku.

Sasa itazame biashara ya shemeji yako. Farasi atatandikwa asubuhi, atasimama juani mpaka jioni, mtoto anapanda, hatua ishirini, anashuka, mwingine anapanda, picha, kelele, vuvuzela. Hiyo ndiyo mimbari hasa. Kumpanda mimi sikukatazi. Hilo la kiwanjani nakukataza kama ndugu yako.

Dkt. wa Mifugo

Saisi, nimesoma maelezo yako mara mbili na nataka turudi kwenye ule mkanda wa tumbo, kwa sababu umeandika jambo zito ukalipita haraka.

Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Porini, anayeonyesha maumivu ndiye anayeliwa, kwa hiyo huficha mpaka hawezi tena. Anapouma hewa ukikaza mkanda, anakusemesha. Linaweza kuwa tumbo: tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, hata likiwa tupu, na farasi wa mbio wanaolishwa nafaka nyingi na nyasi kidogo hupata vidonda vya tumbo kwa wingi. Linaweza kuwa mgongo: hizo nywele nyeupe ni kovu. Tandiko liliminya pale kwa muda mrefu hadi nywele zikapoteza rangi. Vyote viwili huenda pamoja.

Daktari Sue Dyson wa Uingereza na wenzake walitengeneza orodha ya dalili 24 za farasi mwenye maumivu anapopandwa: masikio kulala nyuma, kufungua mdomo, kurusha kichwa, mkia kupigapiga, kukokota kwato za nyuma na kadhalika. Zikionekana 8 au zaidi, shuku maumivu. Dalili nyingi kati ya hizo watu wa mazizi huziita ukaidi, kisha mjeledi unafuata.

Kuhusu kupandwa kwenyewe. Farasi wa mbio huanza kubeba mtu kabla ya kutimiza miaka miwili, na mifupa ya uti wa mgongo huendelea kukomaa mpaka miaka 5 na zaidi. Wako ameshalipa deni hilo. Uzito nao una hesabu: wengi husema mpandaji na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, mimi hubaki kwenye 15. Kama ana kilo 450, ni kilo 67 hivi, tandiko likiwemo. Watoto ni wepesi, kwa hiyo kwa uzito shemeji yako hana kosa. Kosa lake ni saa nyingi, jua, kutokula na kutopumzika. Farasi huru hula kwa muda wa saa 16 hivi kwa siku. Ukimfunga kiwanjani tangu saa tatu hadi saa kumi na mbili bila nyasi, unaliacha tumbo hilo liungue, na tumbo likimsokota hawezi hata kutapika, kwa maumbile. Wengine hufa siku hiyo hiyo.

Na wazo la pwani, mtu akija kukupa, kataa. Kwenye vichaka vyenye mbung'o atapata malale. Hata huko Limuru, mchanje kila mwaka dhidi ya ugonjwa wa farasi wa Afrika. Unaletwa na usubi, kwa hiyo mfungie ndani kabla ya magharibi. Punda na pundamilia huustahimili, farasi hufa kwa wingi mno.

Neno la mwisho, na ni gumu. Mkulima amesema sindano ndiyo dhambi. Mimi hiyo sindano nimeidunga, najua uzito wake. Bado naiona nyepesi kuliko miaka mitano ya njaa na vidonda kwa mnyama aliyeokolewa na mtu asiye na uwezo.

Bint Hamburg

Kaka yangu, mpwa wako ana hoja, usimwache peke yake. Naishi Ujerumani, na Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, tuliitazama hapa. Mpandaji wetu, Annika Schleu, alipewa kwa kura farasi asiyemjua, Saint Boy, na dakika 20 tu za kuzoeana. Farasi akagoma. Dada wa watu analia, anachapa, na kocha anampiga farasi ngumi. Kocha akafukuzwa mashindanoni, na baada ya Paris 2024 farasi wameondolewa kabisa kwenye mchezo huo wa pentathlon, ule wa mashindano matano kwa pamoja. Watu walishtuka kwa sababu farasi alisema hapana mbele ya kamera. Siku nyingine zote husema hapana zizini, bila mtu wa kutazama.

Lijamu, kile chuma cha mdomoni, hukaa juu ya ufizi usio na meno, ngozi nyembamba juu ya mfupa. Farasi hugeuka kwa sababu kugeuka kunapunguza uchungu. Tukiita huo urafiki tunajidanganya. Ushauri wangu: mchukue, usimpande kamwe.

Saisi wa Ngong

Dada, nimekuelewa, ila nami niseme ninachokijua kwa mikono. Wapo farasi ambao ukiingia uwanjani na hatamu wanakuja wenyewe, na wapo wanaokwenda kona ya mbali wakakupa mgongo. Wote wamepandwa. Yupo kijana tuliyefanya naye kazi aliyewapanda bila lijamu, kwa kamba ya puani tu, na walimwendea. Siwezi kukubali kwamba wale na yule wa Tokyo ni kitu kimoja. Huyu wangu zamani alikuwa akija. Tangu msimu wa mwisho wa mbio haji, na hilo ndilo linaloniuma.

Bint Hamburg

Basi jibu umelitoa wewe mwenyewe. Huyu haji.

Mama Wawili, Thika

Mimi ni mteja wa hizo shilingi 100. Mwaka juzi nilimpandisha mwanangu, akafurahi. Nilichokiona nikiwa chini ni povu lililokauka mdomoni na kidonda kilichofunikwa na blanketi. Tangu hapo sijarudi. Wazazi tukiacha kulipa, hizo biashara zitakwisha. Na kumtumikisha mnyama mwenye jeraha ni kosa la jinai, Sura ya 360 ya sheria zetu, ile ya kuzuia ukatili kwa wanyama.

Saisi wa Ngong

Nimeongea na shemeji. Hakupenda, lakini kiwanjani hatakwenda. Mama amekubali nusu ya shamba iwe nyasi za malisho, boma rhodes, nami nimepata kibarua kingine cha zizini, kwa hiyo robota za nyasi nitaweza. Tandiko limebaki kwa bosi, sikulichukua. Samadi tutauza kwa wenye mboga. Daktari, kwato nitazikata mwenyewe kila wiki sita au nane, ujuzi huo ninao. Swali ni moja: atakuwa peke yake pale, na farasi ni wa kundi. Mbuzi wa mama watatosha?

Dkt. wa Mifugo

Mbuzi ni afadhali kuliko upweke. Punda ni bora zaidi, na hahitaji chakula kingi. Ila punda asile chakula cha farasi wa mbio, atanenepa mpaka kwato ziugue. Kabla hujamhamisha, punguza nafaka kidogo kidogo kwa wiki mbili, ongeza nyasi, na nyasi zisikatike hata usiku. Akishafika, mpapase mgongo kwa vidole kuanzia begani hadi kiunoni, kila upande, na uniandikie alipojikunja. Picha za video akitembea kwenye sakafu ngumu zitanisaidia zaidi.

Mkulima Nyahururu

Punda ninaye jike mmoja, amezeeka, mzigo hawezi tena. Wanunuzi wa ngozi walishafika hapa nikawafukuza. Njoo umchukue, kaka. Nauli ya gari nitachangia nusu.